Krismasi Tuliyoila Zizini

Mwanangu, wewe uliye na watoto wadogo na hamu kubwa ya Krismasi, ipo siku moja nataka nikusimulie. Nikiikumbuka, hata magoti haya yaliyochoka yanataka kucheza. Nilikuwa kasichana nisiye na meno ya mbele, enzi za mkoloni, nyumbani kwetu karibu na Kebirigo. Siku hizo Krismasi ilikuwa Krismasi kweli. Ninyi mnakula wali siku ya Jumanne bila sababu yoyote. Sisi wali tuliungoja mwaka mzima.

Baba yangu alikuwa karani katika duka la Mhindi mjini Kisumu. Mwaka huo alikuwa amemchukua Mama akajifungulie huko, nami nikabaki nyumbani na Babu na Nyanya. Habari zilipotufikia kwamba Mama amepata mtoto wa kiume, Babu alifurahi mpaka akawa anatembea akiongea peke yake. Kila jioni aliniuliza mtoto anafanana na nani, utadhani mimi nilikuwa nimemwona. Nikamdanganya vizuri tu, nikamwambia ana masikio makubwa kama yake. Unajua kwetu mjukuu na babu ni watu wa kutaniana. Yeye aliniita mke wake, nami nilimwambia nitatafuta mume mwenye meno. Tulicheka hivyo kutwa.

Siku chache kabla ya Krismasi wakafika kwa lori, Baba, Mama na mtoto, pamoja na gunia la mchele, sukari, na kitambaa cha maua cha gauni langu. Mimi nilikimbia mpaka nikajikwaa mbele ya Mama. Mwaka huohuo Baba alikuwa amejenga nyumba ya mabati, ya kwanza kwenye kilima chetu, na fundi alikuwa amemtengenezea meza ndefu humohumo ndani. Jioni ile akatangaza kwamba Krismasi tutakula wote katika meza hiyo, ukoo mzima, na Babu atakaa kwenye kiti kikubwa cha mbele. Hapo mezani ndipo atakapompokea mjukuu wake, watu wote wakiona. Kabla ya hapo, mtoto asitolewe nje.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu Gusii, mwanamume akishaoa, baba yake haingii tena katika nyumba yake. Wala si chuki, ni heshima, tena kubwa. Na mzee na mke wa mwanawe hawaketi pamoja, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Baba aliyajua hayo yote, alilelewa nayo. Lakini alikuwa amebatizwa, tena ameuzoea mji, akasema mambo hayo ni ya zamani na Kristo ameshayaondoa. Moyoni, nadhani, alitaka tu kumwona baba yake chini ya mabati yale. Mtu akijenga anatamani mzazi wake aione kazi yake, nani atamlaumu?

Babu aliambiwa jioni ileile. Usiku huo alikohoa sana, na kila mara mtoto alipolia kule nyumba ya mabati alinyamaza akasikiliza.

Basi Krismasi ikafika. Mwanangu, ile furaha. Binamu zangu walikuwa wameshuka kutoka Nyansiongo, ambako baba yao alikamua ng'ombe wa Mzungu, wamekuja na maziwa na makelele. Langoni tulisimamisha migomba pande zote mbili, tukaipachika maua mpaka ikaonekana kama maharusi. Gauni langu lilikuwa jipya na gumu, linapiga kelele nikitembea, nami nilitembea hata mahali nisipokuwa na safari. Kanisani tuliimba mpaka sauti zikakauka. Tuliporudi, moshi wa nyama ulikuwa umejaa boma lote, mchele unachemka, chapati zinageuzwa, na sisi watoto tunafukuzwa jikoni tukirudi kwa mlango wa nyuma. Mimi peke yangu nilifukuzwa hadi mama zangu wakachoka kunifukuza.

Chakula kilipokuwa tayari, nikatumwa nimwite Babu. Nilimkuta ameoga, amevaa koti lake zito ambalo alilitoa kwa mazishi na mabaraza tu. Roho yangu ikaruka kwa furaha, nikajua anaenda. Nikamshika mkono, nikamvuta uani tukicheka, yeye akiniambia nisimkimbize kwani mke mzuri hamuui mumewe siku ya sikukuu.

Tulipofika mlangoni mwa Baba, mkono wake ukawa mzito. Nilivuta. Ndani watu walikuwa wameshaketi, na Baba amesimama kando ya kile kiti kikubwa amemshika mtoto kifuani, uso umejaa tabasamu. Babu aliinua mguu, mwanangu, kisha akaurudisha chini palepale. Akamtazama mtoto kutoka nje, shingo ameinyoosha, lakini mtoto alikuwa amefunikwa blanketi na hakuna kilichoonekana. Akaniachia mkono, akageuka, akaenda zake zizini, mahali pake pa kukaa siku zote.

Tabasamu la Baba likazimika. Akasema, mbele ya watu wote, kwamba mlango uko wazi na asiyetaka kuingia hataki kumwona mtoto. Nilianza kulia na gauni langu jipya. Hakuna aliyegusa sahani. Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Angesema nini, naye ndiye mkaza mwana?

Nyanya ndiye aliyesimama. Nyanya yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kwetu kwenda kanisani, wakati ambapo Baba bado alikuwa analia akitaka uji. Hakupandisha sauti.

"Huyu tunayemsherehekea leo alizaliwa wapi?" akamuuliza Baba.

Baba akajibu kama mtoto wa shule kwamba alizaliwa zizini.

"Na waliokuja kumwona, wachungaji wale, walilazimishwa kwanza kuingia nyumba ya mtu?"

Baba akamvuta mtoto kifuani.

"Mzee wako yuko zizini saa hii, na njaa ya kumwona mjukuu wake. Mungu mwenyewe aliwafuata watu walipokuwa. Wewe umepata wapi ukubwa wa kuketi kwenye kiti ukingoja uendewe?"

Ile nyumba ilitulia mpaka ukasikia mabati yakilia kwa jua. Kisha Baba akasema, "Bebeni chakula, twendeni zizini."

Ee, mwanangu, hapo ndipo Krismasi yetu ilipoanza. Ndugu zake Baba walishika meza waitoe, meza ikagoma, maana ilikuwa pana kuliko mlango. Waliigeuza, wakaisimamisha wima, wakagombana, mpaka Baba mwenyewe akacheka akawaambia waiache. Tukakata majani ya migomba. Tukafagia zizi, ng'ombe walikuwa malishoni, tukatandaza majani chini, na sufuria zikapita uani kama msafara. Wakaza wana waliketi upande wa pili wa ua wa zizi ili Babu asiwaone nao wasimwone, lakini kila neno lilisikika. Sisi watoto ndio tuliokimbia huku na huku na sahani, na hakuna aliyetufukuza tena.

Babu alipoona watu wa kwanza wakija, kabla hatujafagia, alidhani kumetokea msiba, akainuka. Baba akamfikia, akapiga goti pale kwenye samadi na suruali yake ya Kisumu, akafunua blanketi.

Babu akampokea. Akamtazama mpaka tukachoka kungoja, akamgusa masikio yake makubwa. Kwetu mtoto huitwa jina la mzee aliyekufa, ikawa kama mzee huyo amerudi. Baba yake Babu alikuwa akiitwa Moseti, na alikufa Babu akiwa kijana, wakiwa wamekosana, kabla hawajapatana. Hilo kwetu kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Sasa mzee yule, mvi kichwani, machozi yanaingia ndevuni, akamwambia kile kitoto, "Moseti. Baba. Nimekungoja."

Ng'ambo ya ua Mama akapiga kigelegele, na kilima kizima kikaitikia. Ndugu yangu akaitwa Moseti tangu saa ile. Baba hakuinuka. Alibaki amepiga goti, ameshika pindo la koti la baba yake, analia.

Tulikula mpaka jua likazama. Babu hakumwachia mtoto hata alipolowanishwa koti.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiandaa sikukuu, usianze na nyumba, anza na watu. Yule ambaye hawezi kufika ulipo, kwa ugonjwa, kwa heshima, kwa aibu, au kwa jambo ambalo kinywa chake hakiwezi kulisema, usikae ukihesabu kwamba amekudharau. Chukua sufuria, chukua watoto, umfuate. Na mtoto usimfanye chambo cha kumvuta mzee wala fimbo ya kumchapa. Mpeleke mikononi mwake mapema, maana mikono hiyo haipo siku zote.

Sasa nenda. Mungu akuzidishie watoto wa kukuchafulia nguo, na wazee wa kuwachekesha. Sufuria yako isikauke, ua wako usikose kelele, na kila Krismasi ikukute una mtu wa kumpelekea sahani.