Bampa Iliyopinda na Safari ya Mama Mkwe

Afadhali niwaambie mwenyewe, maana mkiisikia kwa mke wangu Nanjala ataanzia pale nilipogeukia ukuta wa kibanda cha chapati Salgaa, na mtanicheka bila kujua nilifikaje hapo. Aibu yenyewe siikatai. Mimi nauza hardware Rhonda, dukani kwangu kuna tepu za kupimia, kuna kamba za waashi, kuna pima maji za kila urefu, na bado nilishindwa kunyoosha ekseli moja ya nyuma ya gari langu, na kwa kushindwa huko mama mkwe wangu akakosa kumwona dada yake kwa mara ya mwisho.

Gari ni Prado kuukuu niliyoinua kwa springi ndefu kwa sababu ya matope ya njia ya kwetu Bahati (sababu ya kweli ni kwamba jirani alikuwa ameinua yake, lakini hiyo tuiache). Ukiinua gari namna hiyo ekseli ya nyuma husogea kidogo, kwa hiyo nikanunua mikono mipya ya kuishika, ya aina ambayo unairefusha au kuifupisha kwa kuizungusha, kushoto na kulia, mpaka magurudumu yakae sawa. Fundi aliyenifungia aliniambia jambo moja tu, kwamba niipeleke mjini kwa mashine ya wheel alignment, ile inayopima kama magurudumu yamenyooka, kabla sijaenda nayo mbali. Ilikuwa Ijumaa mchana. Nikafika, nikaona magari manne yamepanga foleni, nikajiuliza, kweli mtu anayeuza tepu akae kwa foleni apimiwe na mwingine?

Nikageuza. Nyumbani nikachuchumaa nyuma ya gari, nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye bampa, upande huu na ule. Kushoto palikuwa pafupi kwa vidole viwili, nikaufupisha mkono wa upande huo, gurudumu likasogea mbele, nikapima tena, pande zote zikalingana, nikakaza nati na kujipongeza kwa soda. Nilichosahau ni kwamba bampa hiyo niliigongesha kwenye nguzo ya geti mwaka jana nikirudi nyuma, na badala ya kuipeleka kwa fundi niliinyoosha kwa nyundo, ikanyooka machoni pangu tu. Yaani kitu nilichokipinda kwa mkono wangu ndicho nilichokifanya rula.

Sasa haraka yote hiyo ilikuwa ya nini? Kesho yake, Jumamosi, tulikuwa tunampeleka mama mkwe Webuye kumzika dada yake mkubwa, yule aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Jeneza lingefungwa saa sita. Mama alikuwa amesema kwa simu, si kwangu, kwa binti yake, kwamba anachotaka ni kumwona dada yake uso, hayo mengine wafanye wanavyotaka.

Na lazima mjue kitu kimoja kuhusu mama mkwe. Yeye ni Mbukusu, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani, hawapeani mikono, na maneno hupitia kwa mtu wa katikati. Kwetu mambo hayo si makali hivyo, lakini nilipooa nilifundishwa nikashika, na kwa miaka kumi na mmoja mimi na huyo mama tulikuwa tumeongea kupitia kwa Nanjala tu. Kupanda gari langu ilikuwa mara yake ya kwanza. Alikubali kwa sababu ya msiba, na mimi moyoni (Mungu anisamehe) nilifurahi, kwamba hatimaye ataona mkwe wake ni mtu wa maana.

Tukamchukua Bondeni asubuhi na mapema. Alikuwa amesimama kando ya barabara na leso zake na kikapu, akaliangalia gari likimjia. Huyu mama, kumbukeni, aliuza chai mbele ya gereji kwa karibu miaka thelathini, na maneno ya mafundi aliyasikia zaidi kuliko mahubiri. Akaingia nyuma, upande wa kushoto, akamwambia Nanjala kitu kwa lugha yao. Nanjala akanigeukia na kusema polepole, "Mama anauliza kama gari iko sawa."

Nikamjibu amwambie mama asijali, gari imepimwa jana. Nanjala akapeleka. Mama akafunga mlango.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mama hakuuliza chochote. Alisema hivi: gari hii inatembea upande kama mbwa, ekseli imekaa vibaya, mwambie asitoke nayo Nakuru. Nanjala akaona ni maneno mazito kwa mkwe, tena asubuhi ya msiba, akayalainisha kidogo, na mimi nikayamalizia kuyalainisha kwa kiburi changu.

Barabarani dalili zilikuwepo. Usukani ulikuwa umelala kulia ilhali tunaenda mbele, nikajiambia ni barabara imeinama. Lori la nyuma likapiga honi mara tatu, nikajiambia madereva wa siku hizi hawana adabu. Nikaanza kusikia harufu ya mpira unaoungua, nikafunga dirisha. Mama alikuwa amekaa juu kabisa ya gurudumu lile, alisikia likisuguana na bodi kila tukiingia kwenye shimo, na hakusema neno, kwa sababu alikuwa ameambiwa asijali.

Tairi lilipasuka tukiingia Salgaa, mbele ya vibanda, watu wakinywa chai. Nikashuka nikakuta limechanika ubavu mzima. Lile lori likasimama nyuma yetu, dereva akashuka akicheka bila hata kunisalimia.

"Boss, tangu Ngata niko nyuma yako," akasema. "Pua iko kwa mtaro, mkia iko kwa barabara. Nilikuwa najua utaingia petrol station ya kwanza. Ukapita. Nikasema ya pili. Ukapita."

Kibanda kizima kikacheka. Fundi wa hapo akaja akalala chini ya gari, akatoka akiuliza ni nani alifanya hii kazi. Nikasema ni fundi mmoja wa Rhonda. Nanjala akaniangalia.

"Mwambie arudi shamba alime viazi," fundi akasema.

Nikasema nitamwambia.

Fundi akasema hata tukiweka spea itachanika vilevile ekseli isiporudishwa mahali pake, na hiyo ni kazi ya saa tatu. Tukajaribu kusimamisha shuttle, zote zilipita zimejaa, ilikuwa mwisho wa mwezi na kila mtu ana mazishi yake. Mwishowe yule yule dereva wa lori akasema anaenda Malaba, ana nafasi ya watu wawili, ila hatakimbia maana amebeba simenti.

Hapo ndipo aibu ilipokomaa. Ngazi ya lori ni ndefu, mama ana nyonga mbaya, na ilibidi asukumwe kutoka chini na avutwe kutoka juu. Mwenye gari ni mimi, mwenye kosa ni mimi, mwanamume mwenye nguvu zake, na kwa heshima siwezi kumgusa wala kumtazama akisukumwa hivyo. Wanawake wawili wa kibandani wakaacha chapati zao motoni wakamsaidia. Mimi niligeukia ukuta, nikasoma menyu yote iliyoandikwa kwa chaki, chai, maharagwe, matumbo, huku nikimsikia akipumua kwa shida nyuma yangu. Sijawahi kujiona mdogo namna ile.

Walifika saa saba na nusu. Jeneza lilikuwa chini, udongo umeshajaa nusu. Walimngojea mpaka mchungaji akakataa kungoja tena.

Mimi nilifika alasiri, gari limenyooka sawasawa (fundi alitumia kamba ya duka langu niliyokuwa nayo garini, ila alipima kutoka kwenye chesisi, ile fremu ya chini isiyopindwa na nguzo ya geti). Nikakaa nyuma ya watu wote. Mama akainuka, akaja akasimama hatua chache kutoka kwangu, akiangalia pembeni, na kwa mara ya kwanza akaniambia mwenyewe.

"Baba, nilitaka kukuambia kwa mdomo wangu. Nikasema ni heshima. Sasa hiyo heshima imeninyima dada."

Kisha akarudi kukaa na wenzake.

Bampa nimeitoa, imelala nyuma ya duka, na mteja akiniuliza ni ya nini namwambia ni ya ukumbusho. Nimeapa sitapima tena kitu kwa kitu ambacho mwenyewe nilikipinda, na Nanjala ameapa kuleta maneno ya mama yakiwa mabichi. Lakini mama hakungoja viapo vyetu. Siku hizi tukimchukua Bondeni haingii kwanza. Anazunguka nyuma ya gari, anainama kwa shida na ile nyonga yake, anaangalia gurudumu moja, kisha lingine, na mimi nakaa kwenye usukani nikiangalia mbele, injini nimezima, nangoja mpaka nisikie mlango wake ukifungwa.