Desibeli Themanini na Mbili

Mwahija Salmini alizaliwa Shinyanga mjini, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli la baba yake, na tangu utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja: kupima. Akiwekewa sufuria jikoni alitaka kujua maji yatachemka baada ya dakika ngapi, na akiambiwa "muda si mrefu" alinuna. Kidato cha sita alisoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, akatoka na C ya Fizikia na D ya Hisabati. Chuo kikuu kilitaka ufaulu kwenye masomo hayo mawili, kikamchukua.

Mzee Salmini alidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Ili mtu atoke na shahada ya fizikia ilibidi avuke mekanika, sumakuumeme, kwantamu, maabara kila muhula, na mwisho kabisa mradi wa utafiti uliosainiwa na msimamizi. Ukianguka kwenye kozi nyingine utarudia mtihani. Mradi usiposainiwa, humalizi.

Mwahija akachagua kupima kelele za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Geita. Msimamizi wake, Dokta Herman, akamkabidhi ripoti ya mwaka uliotangulia, ya kijana aitwaye Edson, iliyopata A.

"Fuata mpangilio wa huyu, hutapotea," alimwambia.

Edson aliandika kwamba alipima karasha moja nje kidogo ya mji wa Geita kwa siku thelathini mfululizo, akapata wastani wa desibeli themanini na mbili. Kelele zinazoanza kula masikio ya mtu anayezisikia saa nane kila siku ni themanini na tano. Kwa hiyo, aliandika, wafanyakazi wako salama.

Mwezi wa saba Mwahija alifika kwenye karasha hilohilo. Mwendeshaji wake alikuwa mzee mmoja wa Tarime, Chacha, mwenye miaka tisa pale.

"Shikamoo, baba."

Chacha aliendelea kumwaga mawe. Mama mmoja aliyekuwa akiosha mchanga pembeni akacheka. "Ongeza sauti, mwanangu! Huyo masikio yalishaondoka zamani."

Mwahija akawasha kipima sauti. Mia moja na tatu. Akadhani kimeharibika, akabadilisha betri. Mia moja na mbili. Alipogeuka kutafuta kivuli ndipo akauona: ukurasa wa ripoti ya Edson, umetiwa plastiki, umepigiliwa kwenye mlango wa stoo, na ile themanini na mbili imezungushiwa wino mwekundu.

Saa ya chakula mashine ilipozimwa, akamsogelea Chacha na kumwuliza kwa kupaza sauti ile karatasi inafanya nini pale.

"Hiyo ya chuo," Chacha alisema. "Tuliomba vya kuziba masikio, tajiri akatuonyesha hiyo. Anasema wasomi wamepima, kelele si kitu."

"Aliyepima alikaa siku ngapi?"

"Siku? Yule kijana wa miwani? Alitukuta mashine imezimwa, tunabadilisha mkanda. Akapiga picha, akanywa soda, akaondoka."

Mate yakamjaa Mwahija mdomoni, kama mtu aliyeuma nzi ndani ya chapati. Hakuona aibu kuyatema. Alikaa Geita siku kumi na mbili kwa shangazi yake, akipima asubuhi, mchana na jioni. Hakuna siku iliyoshuka chini ya mia.

Aliporudi chuoni aliandika yote, na kwenye ukurasa wa arobaini na moja akalinganisha namba zake na za Edson, akasema wazi kwamba namba zile hazikupimwa. Dokta Herman aliusoma huku akitafuna karanga, vidole vikiacha madoa ya mafuta kwenye karatasi.

"Hii sahihi kwenye ripoti ya Edson ni ya nani?"

"Yako, Dokta."

"Sasa unanishitaki mimi?"

"Nasema namba si za kweli. Kuna watu wanazibwa midomo kwa namba hizo."

"Binti, kila mtu anapika data. Wengine wanazidisha chumvi, ndiyo tofauti." Akamrudishia. "Toa ukurasa huu, nasaini leo. Ukiuacha, tuonane mwakani."

Mwahija alikwenda steshenari. Alisimama pale mpaka mwenye duka akamwuliza kama anaumwa. Kisha akaufuta ukurasa wa arobaini na moja, akachapa upya. Dokta Herman alisaini bila hata kufungua jalada. B+.

Siku ya sherehe, nyumbani walipika pilau, na Mzee Salmini aliwaambia majirani kwamba binti yake sasa anajua dunia inavyozunguka. Kila alipompa mtu mkono, Mwahija aliona kama yeye ndiye anayempaka uchafu. Alimchukia Dokta Herman, akamdharau Edson, lakini aliyemtia kinyaa hasa alikuwa amevaa joho lake mwenyewe.

Wiki iliyofuata alipanda basi la Geita na ukurasa ule wa kwanza, wenye madoa ya mafuta ya karanga. Chacha aliusoma taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Ulijua tangu mwezi wa saba?"

"Nilijua, baba."

Hakumtukana. Alimrudishia karatasi, akaenda kuwasha mashine.

Siku hiyohiyo Mwahija akaenda kwenye ofisi ya usalama kazini, akaandika maelezo kwa jina lake kamili. Ilichukua miezi mitano wakaguzi kufika. Walipima kwa dakika kumi, wakalifunga karasha mpaka tajiri aliponunua viziba masikio kwa wafanyakazi wote sita. Chacha vyake huvivaa shingoni. Anasema hakuna tena cha kuziba.

Chuo nacho alikiandikia. Kilijibu kwamba barua imepokelewa.

Sasa Mwahija anafundisha fizikia sekondari huko Mhunze. Mwaka jana, kwenye kundi la simu la wahitimu, alisoma kwamba Edson ameajiriwa chuoni kuwafundisha wa mwaka wa kwanza vipimo vya maabara. Chini yake watu walikuwa wamepanga maua na makofi ya pongezi, na ua la kwanza kabisa lilitoka kwa Dokta Herman. Mwahija akatoka kwenye kundi, akaenda kunawa mikono.