Tovuti Niliyomtengenezea Yaya

Dada yangu mkubwa, ambaye hadi leo namwita yaya, alishona nguo za harusi karibu na soko la Nyawera kwa miaka mingi kuliko niliyokaa mimi mahali popote. Mimi ni mtu wa kuondoka. Yeye alikuwa na chumba kimoja, cherehani mbili na kioo kirefu.

Kisha vita vikaufikia mji. Benki zikafungwa, na wateja wake wazuri wakavuka mpaka, wengine Kigali, wengine Bujumbura. Niliporudi kumwona, cherehani moja ilikuwa imefunikwa kitenge. Aliniambia angejaribu hadi mvua ziishe. Wateja wasipopatikana, angefunga.

“Weye unajua mambo ya internet,” alisema. “Unitafutie bale batu. Vipimo vyao vyote niko navyo mu kaye.”

Ni kweli, daftari lake lilikuwa na vifua na viuno vya nusu ya mji. Mteja aliyekimbia angeweza kuagiza gauni bila kupimwa upya.

Nilikuwa nimejifunza kidogo huko Kampala, kwenye duka la kompyuta. Nikamtengenezea tovuti kwa wiki moja, na nakiri kwamba niliitengeneza kwa ajili ya moyo wangu. Mtu akifungua, aliona kwanza ziwa. Halafu barabara ya Nyawera baada ya mvua, halafu vichochoro vya mtaa tuliozaliwa, picha kubwa kubwa, na muziki juu yake. Magauni ya yaya yalikuja chini kabisa.

Bei hatukuandika. Hilo hatukulijadili hata kidogo. Sokoni kwetu mtu hatajiwi bei kabla hajasalimiwa, hajaulizwa watoto, hajagusa kitambaa. Kumbandikia bei usoni ni kumwambia kwamba hutaki maneno yake. Kwa hiyo chini ya kila gauni tuliandika, “Tutaelewana.”

Aliyetaka kuuliza alijaza fomu, na maswali yalikuja kwenye anwani yangu ya barua pepe. Neno la siri nililijua mimi tu. Kisha miguu ikaniwasha kama kawaida. Nikamfuata rafiki mnunuzi wa dhahabu hadi Shabunda, nikimwambia yaya ni wiki mbili. Nilikaa miezi mitatu, mahali ambapo kutafuta mtandao ni kupanda kilima na kuinua simu juu.

Siku niliyorudi, nilimkuta yaya amekaa na mteja wake wa zamani, mama mmoja mcheshi aliyekuwa amekuja kumzika mkwewe, na kesho yake angerejea Bujumbura.

“Maman, weye pia ulinitupa,” yaya alimwambia. “Tulifungua boutique mu internet, hata bonjour haukutuma.”

“Nani hakutuma? Niliingia! Siku ya kwanza ikazunguka, ikazunguka, mega zangu zote zikaisha, hata robe moja sijaona. Nikasema, hii iko boutique ao iko mwizi?”

Yaya akacheka.

“Siku ya pili ikafunguka. Nikaona ile njia ya kwetu. Nikaona mulango ya nyumba yetu, imefungwa. Nikalia, maman, nikazima simu. Unauzisha batu robe, ao unabafanyia kilio?”

Hakujua kwamba aliyepiga picha zile nilikuwa mimi, niliyekuwa bado nimesimama mlangoni pa yaya na begi mkononi.

“Lakini nikajikaza, nikarudia. Mutoto wangu alikuwa anaolewa. Nikatafuta bei, hakuna. Nikaandika: robe ya bibi-arusi ni ngapi? Nikangoja. Kimya. Nikasema basi, huyu maman amekuwa mukubwa, hatujibu tena.”

“Aliolewa?”

“Aliolewa. Na robe ya kukodi. Ilimubana huku.” Akajishika ubavuni.

Yaya hakuniangalia. Alifungua daftari, akalitafuta jina la yule binti, akaweka kidole kwenye vipimo vyake na kukiacha pale.

Jioni hiyo nilifungua sanduku la barua. Kulikuwa na maswali kumi na moja. Mwanamke mmoja alikuwa ameuliza bei ya gauni lile lile mara tatu, na mara ya mwisho aliandika tu, “Mungu awabariki.” Niliwajibu wote. Watatu walinirudishia neno, kwa adabu: walikuwa wameshapata washonaji hukohuko walikokimbilia.

Kesho yake niliondoa muziki, ziwa na mtaa wetu. Nikaweka magauni juu, bei chini ya kila moja, na namba ya simu ya yaya. Ilinichukua saa chache, na hilo ndilo linalonitesa.

Hakuna aliyepiga. Mvua ziliisha. Cherehani zote mbili zilinunuliwa na mshonaji wa sare za shule, na yaya akapanga kwenda Walungu, kulima kwa wakwe zake.

Asubuhi ya kuondoka, dereva wa pikipiki alipokuwa akifunga mizigo, nilimwambia yaya kwamba sasa mtu akiuliza, atamfikia yeye moja kwa moja.

“Nitamushonea na nini?” alisema. “Uandike pale kama nilifunga. Wasingoje tena.”

Nikaandika palepale barabarani kwamba amefunga. Yeye akajaribu kwenye simu yake, na ukurasa ukafunguka mara moja. Akausoma, akapanda pikipiki.