Ua Ambalo Almaguer Hakuliona

Crisóforo Almaguer, fundi saa mstaafu wa mji wa Matehuala, ana madaftari matatu ya kakati, mimea minene ya miiba, alizozikuta jangwani kwa miguu yake mwenyewe. Zimefika mia mbili na kumi na moja. Hang'oi hata moja. Huupiga mmea picha, huhesabu miiba kwa kioo cha kukuzia kilekile alichotazamia saa, kisha huandika jina kwa wino. Asilokuwa na hakika nalo huliandika kwa penseli.

Ya mia mbili na kumi na mbili imeandikwa kwa penseli tangu Februari. Aliikuta kwenye mlima wa chokaa: haina miiba, pana kama kisahani, imezama kwenye kokoto hadi mbuzi wanaikanyaga. Aina mbili hufanana hivyo. Moja huchanua ua la rangi ya waridi na imejaa milima yote ya huko. Nyingine huchanua manjano, na upande ule hakuna aliyewahi kuiona. Bila ua, jina halipatikani, na ua hufunguka Oktoba tu, adhuhuri, kwa siku chache. Almaguer akauzungushia mmea mawe manane ili aupate tena.

Oktoba akarudi. Katikati ya mawe palikuwa na kovu bichi.

Alishuka moja kwa moja kwa Hermelinda Coronado, mfuga mbuzi wa chini ya mlima, ambaye Almaguer alimsimamia binti yake ubatizo, na tangu hapo wanaitana kompadre na komadre. Hermelinda alikuwa jikoni anageuza chapati za mahindi. Kando yake palikuwa na mtungi ulioungwa ufa kwa gundi ya kahawia.

"Komadre, gundi hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye mmea ulioniwekea. Asante, kompadre. Karibu ukae."

"Nilikuwekea mimi?"

"Mawe si yako? Huku mtu akiona mmea wa gundi naye hana kisu, anauwekea mawe ili mwenzake apitie. Miaka thelathini unazunguka huku na hujui?"

Almaguer akakaa. Hakujua.

"Ulikuwa na ua?"

"Ulikuwa nalo."

"Rangi gani?"

"Mtungi ulikuwa unavuja, kompadre. Nani aangalie ua?"

"Jaribu kukumbuka. Waridi au manjano?"

Hermelinda akafikiri, chapati ikaanza kuungua. "Nikisema manjano utafurahi?"

"Sana."

"Basi usiniulize mimi. Nitakudanganya kwa huruma."

Akamsogezea maharage. Almaguer alikula, kisha akauliza kama mmea ameung'oa wote.

"Mimi si mshenzi. Nilikata kichwa. Mzizi tunauacha, unachipua."

"Baada ya muda gani?"

"Mpaka kuchanua? Miaka sita. Saba kukiwa na ukame."

Almaguer ana miaka sabini na mbili, na goti la kushoto halimpi tena milima miwili kwa siku. Alitoa daftari akaandika, kwa penseli, tarehe na maneno "kichwa kimekatwa, mzizi upo." Kisha akamwomba Hermelinda apitishe mbuzi kule kila Oktoba, adhuhuri.

"Na wewe?"

"Nitakuja nikiweza. Nisipoweza, angalia wewe."

"Mimi majina yenu siyajui."

"Rangi tu, komadre. Ukishaiona, andika hapa."

Akachana ukurasa wa mwisho wa daftari, akampa pamoja na kalamu ya wino.