Kifuniko Alichokitoa Polycarpe

Kule Burungu, mwaka wa sitini na sita, mafundi mbao walikuwa watatu, lakini mwenye mashini alikuwa Polycarpe peke yake. Aliinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao: meza ya chuma, msumeno wa duara katikati, na moteri ya petroli iliyonguruma mpaka kuku wakakimbilia shambani. Aliiweka kibandani nyuma ya nyumba, mahali pa kugeukia mtu mmoja tu. Na alivyojivuna, usiseme!

Juu ya msumeno palikuwa na kifuniko cha chuma cha kukinga mikono. Mbao nene za milango hazikupita chini yake, basi Polycarpe akakifungua, akakitupa chini ya kitanda.

"Mimi si mutoto," alimwambia mkewe Thacienne. "Macho niko nayo."

Macho alikuwa nayo kweli. Kumbe mdomo ndio uliomtupa.

Siku moja Séraphin, baba yake Thacienne, alikuja kumwona binti yake, akasikia ngurumo, akaingia kibandani. Sasa, kwetu baba mkwe humpigii kelele hata nyumba ikiungua. Polycarpe akaacha ubao, akainama kumsalimu. Moteri hakuizima, maana kuiwasha tena ni kuvuta kamba mpaka bega liume.

"Mukwe wangu, hii inakata yenyewe?" mzee akauliza, akanyoosha mkono.

Polycarpe aliuona mkono ule unakokwenda. Neno lilikuwa kooni: Toka! Akalimeza, akaanza kutafuta lenye heshima. Kabla hajalipata, kidole gumba cha mzee kilikuwa chini kwenye vumbi la mbao.

Kidonda kilipona, lakini jembe halikushikika tena. Na unajua mzee alisema nini kwa watu? "Kosa iko yangu. Nilipeleka mukono mimi mwenyewe. Mukwe wangu ana heshima, hata siku ile hakunipigia kelele."

Watu wakamcheka. Mzee mzima, mwenye wajukuu, anachezea mashini! Polycarpe alisikia yote, akanyamaza. Aibu gani hiyo, jamani! Kila sifa ya mzee ilimchoma, na bado alinyamaza, kwa sababu mzee yule alimpenda kama mwanawe wa kuzaa, naye aliogopa kumpoteza. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Jumapili moja, baada ya misa, moyo ukamshinda. Akamfuata mzee kwake, akapiga magoti mlangoni.

"Papa, mashini ilikuwa na kifuniko. Mimi njo nilikitoa. Na mukono wako niliuona, nikaona haya kukupigia kelele. Kosa iko yangu yote."

Séraphin akaweka chini kibuyu chake cha pombe ya ndizi, akamtazama sana.

"Kidole nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Lakini miezi tatu ulikuwa unasikia watu wananiita mujinga?"

"Ndiyo, Papa."

"Na ulijua mujinga si mimi?"

Polycarpe alilia, mtu mzima.

"Inuka. Watu wangali mbele ya kanisa, wanaongea. Nenda uwaambie vile umeniambia mimi."

Njia ya kanisani ni fupi, lakini alisimama mara mbili. Alipofika akavua kofia, akasema yote mbele yao, na safari hii hakuna aliyecheka.