Mimba ya Mfunguo Tatu

Barua iliyotaka nifukuzwe kazi ilikuwa ya mstari mmoja, nayo ilisema kweli: "Mkunga msaidizi wenu ana mimba tangu Mfunguo Tatu." Haikuwa na jina la mwandishi. Waliojua mwezi huo walikuwa watu wawili tu, mimi na mume wangu.

Nilianza kazi katika zahanati moja upande wa Msambweni, bendera ya uhuru ikiwa haijatimiza mwaka kwenye mlingoti. Siku ya kwanza Sista Msimamizi, mtu wa bara, alinikabidhi aproni mbili na sharti moja. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa majaribio. Atakayeshika mimba kabla ya kuthibitishwa, atarudisha aproni.

Kazi yetu ilikuwa ya vidole. Mama alilala kitandani, nasi tukatafuta kwa kiganja ncha ya juu ya mji wa mimba. Ikifika kitovuni tulihesabu miezi mitano na ushei. Ikipita kitovu kwa vidole viwili, sita. Kisha tulitega sikio kwenye chombo cha mbao, mfano wa tarumbeta ndogo, tukasikiliza moyo wa mtoto.

Mume wangu alifanya kazi kwenye miwa Ramisi na kurudi kila Alhamisi jioni. Hakupenda niajiriwe, ila hakunizuia. Nilipojijua nina mimba tulikubaliana tusimwambie mtu, hata mamake. Nikajikaza tumbo kwa leso chini ya aproni, nikaacha kuinua ndoo.

Wa kwanza kunitazama mara mbili alikuwa Bi Mwanakombo, mfagizi.

"Mwanangu, siku hizi waenda kama bata aliyeshiba."

Nikamwambia viatu vyanibana.

"Haya. Na viatu hivyo vitazaa lini?"

Wiki ile ile Sista aliniita ofisini, akaitandaza barua mezani.

"Mfunguo Tatu ndio mwezi gani?"

Ningeweza kudanganya. "Ni mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, Sista."

Akahesabu kwa vidole, akaniamuru nilale. Kiganja chake kilisimama juu ya kitovu changu, na mtoto akakipiga teke. Hakuondoa mkono.

"Ni gesi," akasema. "Punguza mihogo. Na likizo ya gesi uiombe mapema."

Mwezi uliofuata nilithibitishwa. Lakini barua hakuichana. Aliitia katika mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. Huruma ya kufungiwa kwa ufunguo sikuiamini, na muda wote niliokuwa chini yake sikumbishia hata neno.

Nikafanya uchunguzi wangu. Karani wa zahanati alikuwa mtu wa bara kama Sista. Hesabu ya Mfunguo hakuijua. Bi Mwanakombo angeweza kukisia, lakini hakujua kuandika. Mume wangu alisomea chuo cha Kurani tu, kwa maalimu, na aliandika kwa herufi za Kiarabu tu, na barua ilikuwa ya herufi za Kizungu. Hilo lilinituliza. Nikamzaa binti, nikahamishiwa Kwale, kisha Shimoni, nikawatumikia masista wengine wawili, na wote niliwachunguza kwanza kabla ya kuwaambia lolote.

Wauguzi wa leo wana mashine ya kuwaonyesha mtoto tumboni. Sisi tulikuwa na vidole, na tukikosea, tulikosea kwa wiki mbili hivi. Ningeichagua tena kazi ile.

Nilipostaafu, fomu ilitaka sahihi ya mrithi wangu. Afisa alipomwona mzee wa kanzu na kofia, alimsogezea kidau cha wino atie dole gumba. Mume wangu alikiweka kando, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi za Kizungu, upesi, kwa mkono uliozoea.

Tulirudi nyumbani tukizungumza habari za mvua. Mpaka leo sijamuuliza alijifunza lini.