Hodi Tatu za Papa Octave

Papa Octave alipiga hodi mara tatu, kisha akaupa mlango mgongo. Hakutaka macho yake yaingie ndani kabla yake. Desturi hiyo aliipata katika miaka thelathini na mmoja ya kusoma mita za maji, compteur kama tunavyoziita kwetu, nyumba kwa nyumba, akiwa na kijiti cha chuma cha kufunulia vifuniko. Alipostaafu, kijiti kilibaki mkononi na hodi ikabaki mdomoni. Hata kwake, mtaani Kimanga, alipiga hodi kabla ya kuingia, ingawa mkewe alikuwa amekufa na ndani hapakuwa na mtu.

Mimi ndiye niliyemtia katika kazi ya kutembeza wageni. Nafundisha historia chuoni, na chama chetu kidogo kilitaka watu wauone mtaa wa zamani wa kando ya ziwa kabla maji hayajaumaliza. Mimi nilikuwa na tarehe. Nyumba alikuwa nazo yeye. Kila Jumamosi asubuhi alitangulia na kijiti chake, nyuma yake walimu, wanafunzi, au watu wa Bujumbura waliovuka mpaka pale Kavimvira. Alipiga hodi, mwenye nyumba akaitika karibu, ndipo akaanza.

"Hapa kwa Bonaventure walikuwa wanakunywa mita kumi na nne za maji kwa mwezi," alisema. "Mwezi wa ndoa ya binti yao Alliance, thelathini na moja. Minye nikaandika bomba limepasuka. Kumbe ni shangazi zake."

Mahali ambapo hakuitikiwa alipita kimya, na wageni hawakujua kwamba wameipita nyumba.

Ziwa lilikuwa likipanda mwaka hadi mwaka. Kufikia 2024, katika safu ya mwisho ilibaki nyumba moja tu, ya Mama Concilie: baraza la matofali na nguzo nne, kazi ya mikono ya babu yake. Wageni wengi walikuja kwa ajili ya hiyo. Zamani Mama Concilie aliitika na kutoa kiti. Maji yalipoingia barazani mwezi wa nne, akaacha kuitika, na Papa Octave akaacha kuisema nyumba yake.

Jumamosi tatu zikapita hivyo. Wageni walinung'unika, kisha wakapungua. Wenzangu wa chama wakasema mambo yakiendelea namna ile, matembezi yasimamishwe. Nilimwambia Papa Octave.

"Juma zima sauti yangu inakaa bure," alisema. "Jumamosi ndiyo ninaitumia."

Lakini hakuahidi kubadili kitu.

Jumamosi ya nne walikuja wageni kumi na mmoja. Kwa Mama Concilie, Papa Octave alipiga hodi tatu, akageuka, akangoja. Kimya. Mgeni mmoja akatazama saa yake. Nilikuwa nimechoka, nimechoka na jua, na chama, na kungoja kule, nikaanza kusimulia mwenyewe nikiwa barabarani. Nilisema habari za babu, za nguzo, za maji. Nilisema hata kwamba mwenye nyumba amepandisha kitanda chake juu ya matofali, jambo ambalo Papa Octave aliniambia mimi peke yangu. Wageni wakainua simu zao kupiga picha.

Mlango ukafunguka. Mama Concilie alisimama ndani ya maji, kitenge kimekunjwa hadi magotini, sufuria ya kuchotea mkononi.

"Octave."

"Mama."

"Miaka yote ile, hata namba ya compteur ulikuwa unangoja nikuitikie. Leo umeleta batu kuhesabu matofali chini ya kitanda changu?"

Angeweza kunionyesha kwa kidole. Alisema tu, "Nimekosa, mama."

"Maji nayo haikungoja niitike," alisema Mama Concilie. "Sasa muko babili, weye na maji."

Akausukuma mlango. Haukufungika, mbao zilikuwa zimevimba.

Papa Octave aliondoka bila kunitazama, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Niliongoza mara mbili peke yangu. Nilisema tarehe zangu, wageni wakatazama ziwa. Mwezi wa sita nyumba ile ikaanguka, na Mama Concilie akahamia Kasenga kwa binti yake, Chance.

Nilikwenda kwa Papa Octave. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nilimwomba arudi.

"Sirudi bila kumuomba radhi yule mama," alisema. "Na minye nimechoka, Madame. Kasenga iko mbali."

"Basi tupande pikipiki."

"Na weye utamuomba?"

"Nitamuomba."

Tulifika Kasenga saa nne. Alipiga hodi tatu, akageuka. Nami nikageuka. Ndani tulisikia sahani zikigongana. Kwa hiyo mtu yupo. Tulingoja mpaka kivuli cha ukuta kikasogea kutoka viatuni petu.

"Octave," sauti ikatoka ndani, "ungali unasoma compteur? Hapa bomba haijatoa hata tone tangu Pasaka."

"Sikuja kusoma, mama."

"Karibu, basi. Na Madame aingie, kama amejua kungoja."

Papa Octave aliomba radhi kwa maneno machache. Mimi nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Mama Concilie aliniacha niyamalize yote, kisha akaniwekea ungo wa mchele magotini nichambue. Tulichambua, sisi wawili, Papa Octave akisugua magoti yake. Mwishowe Mama Concilie akasema, "Nyumba yangu muiseme. Kitanda mukiache."

Jumamosi iliyofuata Papa Octave alitembea na wageni sita, akipumzika kila baada ya nyumba mbili. Palipokuwa na nyumba ya Mama Concilie palikuwa pamebaki maji, na kichwa cha nguzo moja. Alipiga hodi tatu, akalipa ziwa mgongo.

"Karibuni," akaitika mtu nyuma ya wageni. Alikuwa Mama Concilie, na kikapu chake cha sokoni.

Papa Octave akaisimulia ile nyumba, mita zake za maji na nguzo zake nne. Kitanda hakukitaja.

Wageni walipokwisha kwenda, aliketi kwenye jiwe akanipa kile kijiti. Wiki ileile dada yake alikuja kumchukua kwenda Sange, na mwezi wa kumi na moja ndipo habari ya kifo chake iliponifikia. Sikumwona tena baada ya pale jiweni. Siku ile, aliponipa kijiti, nilimuuliza nifanye nini mahali ambapo wenyewe wamehama wote na hakuna wa kuitika. Alitazama viatu vyake vilivyolowa.

"Piga tatu, Madame, ugeuke, ungoje. Usipoitikiwa, pita pole. Kuko nyumba ingine mbele."